Kufuli la Mobeni

Ndani ya taxi ya kwenda Mobeni, mtaa wa viwanda, kijana Désiré alimsomea jirani yake habari kwenye simu. “Mama Huguette, iko jimbo moja la Amerika, Mississippi. Utumwa ulifutwa zamani za mababu, wao wamekamilisha kukubali rasmi 2013!” Rhoda, abiria aliyeketi nyuma yao, alitazama dirishani kama wafanyavyo wote wanaosikiliza maongezi ya wengine.

“Na watumwa wenyewe walisema nini?” Huguette akauliza.

“Walishakufa wote, mama.”

“Basi waliambiwa makaburini. Sisi pale kiwandani patron, mwenye kiwanda, anatufungia ndani na kufuli mpaka jioni.”

“Eish! Sheria inakataza.”

“Inakataza, ndiyo. Siku itakayofika kiwandani, nami nitakuwa nimeshazikwa. Dereva, after robot!”

Taxi ikavuka robot, yaani taa za barabarani, ikasimama. Huguette akashuka mbio, asije akakuta mlango umeshafungwa naye yuko nje.