Kumuaga Bwana Teófilo, Mtaalamu wa Pomboo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Puerto Tamishi, Mwalimu Mkuu, wazee wangu, akina mama mnaokaanga ndizi huko nyuma, mke wangu Lastenia, na mgeni wetu wa heshima Bwana Teófilo, ambaye mashua yake inaondoka adhuhuri hii: hamjambo?

Nimeombwa nimsifu mtaalamu huyu wa pomboo wetu wa mtoni. Mimi, Nemesio Murayari, mvuvi, niliyempinga miaka miwili! Aliyenichagua alikula nini?

Mnakumbuka alivyofika? Mpole, mtanashati, hodari wa dansi, na kofia havui hata akila. Nasi watu wa mto huu tunamjua mwanamume wa namna hiyo: ni pomboo aliyejigeuza mtu ili atongoze wasichana, anaficha tundu la kupumulia utosini. Mabinti wakafungiwa ndani. Sikukuu ya mtakatifu San Juan, mchana kweupe, mama mkwe wangu Zoila akamwendea.

"Wee kijana, hebu vua!"

Akavua. Kichwa hakina hata unywele, kimebabuka kwa jua. Mama akampapasa utosi kama anayechagua papai sokoni.

"Tundu hana," akatangaza, "na nywele pia hana. Mpeni chakula, maskini."

Akala, kisha akatuomba: maji yakipungua, pomboo wakilea watoto, tusitege nyavu kwenye mdomo wa ziwa. Mkakubali kujaribu miaka miwili. Mimi nikapayuka: "Pomboo anakula samaki wangu, anachana nyavu zangu, sasa nimwachie na ziwa?" Miaka hiyo imekwisha. Leo tukishakula tunapiga kura kama katazo liendelee, na wengi wenu mmeapa kunifuata mimi.

Basi nifuateni vizuri. Mwaka jana nilitega palepale, kwa siri. Mtoto wa pomboo akanasa. Mama yake hakukimbia. Aliuzunguka mtumbwi wangu akipumua kwa kishindo. Niliogopa, kisha nikaona haya. Bwana Teófilo akatokea. Hakunikaripia, aliruka majini akamshika mtoto, mimi nikakata. Wavu mpya, ule tulioununua kwa pesa za nguruwe wa Lastenia, niliumaliza kwa kisu changu mwenyewe. Nyumbani nikasema, "Pomboo kauchana, mke wangu!" Kijiji kizima mkanipa pole, naye mtaalamu akanyamaza, mwaka mzima, msinicheke. Huyo ndiye ninayemsifu.

Kwa hiyo mkono wa kwanza wa kulifunga ziwa ni huu hapa, juu. Safari njema, Bwana Teófilo. Nanyi nyote nawashukuru kwa masikio yenu.

Lastenia, mke wangu, keti kwanza. Watu wanatuangalia.