Mrija wa Mama Donatha

Padri wetu, wakwe zetu wa Cyanzarwe, majirani wa Rugerero na ndugu zetu Waislamu wa mjini Gisenyi, sisi wa nyumba ya Hategekimana tunawasomea maisha ya Mama Donatha Mukagatare, mama aliyependa sana kusema, na ambaye leo, kwa mara ya kwanza, ametuachia sisi nafasi.

Mama Donatha alizaliwa hapa Rugerero mwaka 1911, wakati wa mavuno ya mtama, akabatizwa tarehe 24 Desemba 1922, akasoma kwa masista mpaka akajua kusoma, kuandika na kubishana, na tarehe 8 Septemba 1930 akafunga ndoa na Phocas Hategekimana, fundi cherehani wa mjini, wakajaliwa watoto watano, mkubwa wao akiwa Viateur. Tangu mwaka 1936 alikuwa katekista wa kilima chetu, na zaidi ya hapo alipika pombe ya mtama iliyowafanya hata wavivu wa misa waikumbuke njia ya kanisa, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa jirani nalo.

Mwezi wa Agosti 1957 yalipotufikia yale mafua makali yaliyokuwa yakizunguka dunia, Padri alitangaza, Jumapili ya tarehe 1 Septemba, kwamba misa zitasomwa uwanjani, mwenye homa akae kwake, na watu waache kunywa kwa mrija mmoja. Watu wakaitikia amina, wakatoka, na kabla ya saa sita walikuwa wamekizunguka chungu cha pombe wakipokezana mrija ule ule, kwa sababu kwetu kuukataa mrija wa mwenzako ni kumwambia mbele ya watu kwamba unamshuku sumu.

Padri akawapa Mama Donatha na akina mama wa kanisa kazi ya kulinda kilima, nao kila asubuhi walipita nyumba kwa nyumba, wakisimama nje ya ua na kutangaza kwa sauti habari za zahanati, wakiacha uji langoni kwa wagonjwa, na Mzee Faradji, mwenye duka sokoni, akayasema maneno hayo hayo msikitini siku ya Ijumaa. Uji ulipokelewa kwa shukrani, lakini ushauri wa mrija uliingia sikio hili ukatokea lile.

Ndipo ikafika Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 1957, siku ambayo tulimpeleka ng'ombe wa mahari kwa Baba Habiyaremye, kule Cyanzarwe, ili Viateur apewe binti yake, Nyirasafari, ambaye kijana wetu alimpenda kupita kiasi, na Baba Habiyaremye, kama ilivyo desturi, akaonja kwanza pombe ya nyumbani kwake, kisha akamkabidhi mama mrija. Mama akashukuru, akauweka kando, na akachomoa mrija wake kwenye kitenge.

Baba Habiyaremye alisimama, akasema, "Mama, we unafikiri mi niko na sumu? Bon, murudi na ng'ombe yenu," naye mama akamjibu, "Baba, mi siogopi pombe yako, naogopa kinywa yangu," lakini hakusikilizwa. Tulirudi na ng'ombe wetu, Viateur akilia njia nzima bila aibu, na wengi wetu, hatufichi, tulimkasirikia mama sana.

Siku chache baadaye mama alianguka kwa mafua yale yale, kwani alikuwa ameyachukua kwa wagonjwa na alikwenda nayo Cyanzarwe bila kujua, na alipokuwa bado kitandani habari zikavuka vilima kwamba kwa Habiyaremye hakuna hata mtu mmoja aliyekohoa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na safari hii mwenyeji alipona kweli. Baba Habiyaremye akaja mwenyewe kwa miguu, akasimama nje ya ua kama mama alivyotufundisha, akiwa na mzigo wa mirija aliyoikata kwa mkono wake, akamwomba radhi kwa sauti ambayo kilima kizima kiliisikia.

Jumapili iliyofuata Baba Habiyaremye aligawa mirija hiyo baada ya misa, na tangu hapo hakuna aliyeudhika mwenzake akibeba mrija wake mwenyewe, wagonjwa wakapungua, na harusi ya Viateur na Nyirasafari, tarehe 11 Januari 1958, ikajaa wageni waliochomeka mirija kwenye kofia na vilemba, huku mama, akiwa amepona, akicheza kuliko bibi harusi.

Mwishoni mwa mwaka jana, 1958, alianza kuugua moyo, akatibiwa zahanatini na hospitalini, akatutoka kwa utulivu Jumamosi ya tarehe 14 Februari 1959, akiwa amempakata mjukuu wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni na maji, makatekista wenzake, na Mzee Faradji aliyetoa sanda. Mama alituachia agizo moja, kwamba mafua yale yamekwisha, kwa hiyo pombe ya msiba wake inywewe kwa mrija mmoja, ule aliouweka kando Cyanzarwe, ambao Baba Habiyaremye ameutunza hadi leo, na ndiye atakayeanza.

Pumzika kwa amani, Mama Donatha, leo tunaupokea.