Papa Dominique Mukuka na Kimeza cha Mke Wake

Papa Dominique Mukuka alizaliwa Pweto tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mvuvi. Alisoma shule ya misheni palepale. Mwalimu alimkataza kusinzia darasani, naye akajifunza kuota macho wazi. Mwaka 1969 alikuja Lubumbashi kujifunza useremala.

Kuanzia 1972 hadi 2009 alitengeneza mabenchi ya mabehewa kwenye karakana ya reli. Alipostaafu alijijengea karakana nyuma ya jiko la nyumba yake, kule mtaani Katuba, akawa anaunda kitu kimoja tu: vimeza vya kuweka kando ya kiti, vya ubao mwekundu wa mulombwa. Hakuanza kimeza kabla ya kukiota. Baada ya chakula cha mchana alijinyoosha juu ya vumbi la mbao, na akiamka alishika msumeno kama mtu anayekumbuka. Majirani waliuita uvivu, mpaka waliponunua.

Tarehe 23 Julai 1977 alimwoa Angélique Kasonde wa Mitwaba, akamwahidi kimeza cha kuwekea chai yake. Alikuwa amekiona ndotoni: kimesimama juu ya maji ya ziwa Mweru, miguu haizami, kikombe cha Angélique kinafuka moshi juu yake. Kila alichounda hakikufanana nacho. "Haiko ile nilionaka," alisema, akampa mtu mwingine. Mfinyanzi hulia gaeni: kwa miaka arobaini na saba Mama Angélique aliweka kikombe chake sakafuni, na jambo hilo lilimuuma, tusifiche.

"Papa Gracia, bantu bote beko na meza yako, miye hapana," alimwambia mumewe siku moja, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ndoto yako iko na wivu."

Tarehe 11 Februari 2024 kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Aliogopa kufa kabla ya kutimiza neno lake, akalia mbele ya watoto. Baada ya Pasaka ya mwaka huu aliomba kiti chake kipelekwe karakanani. Yeye alielekeza, Mama Angélique akakata, akapiga randa, akapaka gundi, akaunga miguu. Mmoja ulitoka mfupi, kimeza kikayumba.

"Haiko ile ya mu ndoto," alisema mama kwa huzuni.

Papa Dominique alikitazama sana. "Ile ya mu ndoto haikukuwaka na mikono yako. Kamata, mama. Iko yako."

Alifariki asubuhi ya Jumanne, 3 Juni 2025, nyumbani kwake. Vijana walipotoa viti na meza zote nje ili waombolezaji watandikiwe mikeka, kama ilivyo desturi ya kilio, walikishika na kimeza kile. Mama Angélique akainuka: "Bingine byote mutoshe inje. Ile muache." Waliojigonga nacho magoti sebuleni watusamehe.

Ameacha watoto wanne, Gracia, Elisée, Syntiche na Jean-Claude, wajukuu kumi na mmoja, na mjane wake, ambaye leo, kabla ya kuja hapa kaburini, alikunywa chai yake taratibu, mkono mmoja ukishikilia kimeza kisiyumbe.

Mungu ampokee fundi wetu, apumzike kwa amani.