Mara 412 Tuliposimama "Bila Sababu": Risala ya Madereva wa Barabara ya Palma

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Uchukuzi wa Mkoa. Viongozi wa wilaya na wa bandari. Mashehe na mapadri mliopo. Wenzetu wa usukani pamoja na familia zetu: amani iwe juu yenu nyote.

UKARIBISHO

Karibu Mocímboa da Praia. Tunajua shughuli iliyokuleta. Alasiri hii utatia saini kibali cha kuruhusu malori sita yasiyo na dereva kubeba saruji na nondo kutoka bandari hii hadi Palma, kwa majaribio ya miezi sita. Tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza kabla ya saini.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotuunganisha sisi wa pwani na wenzetu wa uwanda wa Mueda na wa ng'ambo ya Ruvuma. Nakala ya Kireno imo ndani ya bahasha, pamoja na kiambatisho ambacho tutakieleza hivi punde.

TULIKOTOKA

Umoja wetu una wanachama sitini na wanane: arobaini na tisa wa malori na kumi na tisa wa mabasi. Miaka ile ya mashambulizi, barabara ilipokuwa haipitiki ila kwa coluna, yaani msafara unaosindikizwa na askari, waliokaa nyuma ya usukani ni sisi. Wenzetu watano hawakurudi.

Mjane wa mmoja wao, mama Cadija, alipopata habari za malori haya alifika ofisini kwetu. Tulimpa kiti, akakikataa.

"Nilimwomba baba Zaida asiende," alisema. "Mkubwa wake wa kazi akaniambia, mama, gari haliendi lenyewe, lazima awepo mtu. Leo njia imetulia, ndiyo gari limejua kwenda lenyewe?"

Tumeliweka swali lake hapa kama alivyoliuliza.

KAZI TULIYOIFANYA

Mheshimiwa, mwaka jana kampuni ya uchukuzi inayowaajiri wengi wetu ilifunga kamera katika kila lori, moja ikitazama barabara na nyingine ikitutazama sisi. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Tulifurahi, kisha tukafanya kosa la watu wenye fahari na kazi yao: tulishindana. Kila mwezi dereva bora alitangazwa na kupewa cheti. Mzee Rajabo, mwenye miaka thelathini na mmoja barabarani, alikipata mara nne, akavitundika vyote sebuleni. Kila mmoja wetu alijitahidi kuingia kwenye mchanga kwa upole zaidi na kushika breki mapema zaidi, ili amshinde yeye.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tuliitwa mkutanoni. Tukaelezwa kwamba picha hizo ndizo zilizoifundisha mashine itakayoyaendesha malori haya, na kwamba imefundishika vizuri sana. Kumbe kwa miezi saba tulikuwa walimu, na hakuna aliyetuambia kuwa tumo darasani.

Katika mkutano huohuo mhandisi Kátia, binti mwenye adabu ambaye hatuna ugomvi naye, alitusomea dosari chache zilizobaki. Mashine ilikuwa imehesabu mara 412 ambapo lori lilisimama "bila sababu", na zote zimefutwa katika mafunzo yake. Tuliomba orodha hiyo. Tukakaa wiki mbili na madaftari yetu ya safari, tukaandika mbele ya kila tarehe sababu ya kusimama. Hicho ndicho kiambatisho.

Mara 96 ni mazishi. Desturi yetu unaijua: jeneza likikatiza barabara, dereva huzima injini, hushuka, hulipokea begani kwa hatua chache, kisha hurudi garini. Hatuulizi marehemu alikuwa wa msikiti au wa kanisa. Mara 140 ni watu waliotusimamisha kutuuliza hali ya njia mbele, kwa sababu mwenye mtoto mgongoni haondoki kijijini kabla ya kumsikia mtu aliyetoka huko. Mara 61 ni wagonjwa na wajawazito. Tunakiri kwamba kanuni ya kampuni haituruhusu kuwabeba. Mara 22 dereva alikiona kijiji kimya isivyo kawaida, hakuna moshi wala mbuzi, akasimama, akageuza gari. Mara tisa dereva alikuwa anasinzia, nasi tumeandika hivyohivyo. Zilizosalia ni mambo madogo ya njiani, na kuna 31 ambazo hatukuzikumbuka.

Siku ile ya mkutano, Kátia alipokuwa bado akisoma dosari zake, Mzee Rajabo aliinua mkono.

"Mwanangu, hilo gari lenu likikutana na jeneza litafanyaje?"

"Litasimama, baba," alijibu Kátia. "Likiona kizuizi, linasimama."

"Halafu?"

"Kizuizi kikiondoka, linaendelea."

Ndipo mwenzetu Osvaldo, Mmakonde ambaye hata msibani hakosi neno, akasema, "Basi jamani, mimi nikifa nipitisheni porini. Sitaki kuitwa kizuizi siku yangu ya mwisho."

Tulicheka sana, na Kátia alicheka nasi. Kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hatujui alichoandika, wala hatujui kama kimefika mezani pako.

KINACHOTUTIA HOFU

Hatuji mbele yako kuikataa mashine. Mashine hailewi, haisinzii, haigombani na mkewe asubuhi ikatoka na hasira. Zile mara tisa tungeweza kuua mtu. Wanaosema kwamba katika njia ya hatari ni afadhali kupoteza chuma kuliko mtu wana hoja nzito, na sisi tuliozika wenzetu ndio wa mwisho kuidharau.

Lakini tumeelezwa kwamba majaribio yakifaulu, kati ya madereva arobaini na tisa wanane watapelekwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kukaa chumbani na kuyasimamia malori kupitia vioo vya kompyuta. Sharti lao ni kuwa na darasa la kumi. Tuliolifikia ni sita. Osvaldo ana miaka hamsini na mitatu. Aliacha shule kwa sababu ya vita vya zamani, akajifunza udereva kwa kaka yake. Alituuliza, bila mzaha safari hii, "Mikono inayojua kitu kimoja tu, mtu anaipeleka wapi?" Wenzetu wa mabasi wanaambiwa wao bado. Neno "bado" halijawapa usingizi.

Hofu huzaa mawazo mabaya, nasi hatutakuficha. Kijana mmoja katika kikao chetu alipendekeza tuendeshe ovyo kwa makusudi. "Kamera si bado zipo? Tuifundishe ujinga."

Mzee Rajabo alimkemea. "Na atakayegongwa ni nani, mashine?"

Wazo hilo likafa palepale. Ila siku ile aliporudi nyumbani, Mzee Rajabo alivishusha vyeti vyake vinne ukutani.

MAOMBI

Tunaomba kibali utakachotia saini kidai kwamba, kwa miezi yote sita, dereva awe ndani ya kila lori, mwenye mamlaka ya kulisimamisha bila kuhesabiwa kosa.

Tunaomba zile mara 412 zirudishwe katika mafunzo ya mashine pamoja na sababu zake, na wanavijiji waulizwe ni zipi wanazozihitaji, kwa maana barabara ni yao kabla ya kuwa yetu.

Tunaomba sharti la darasa la kumi liondolewe kwa mwenye miaka kumi na zaidi ya usukani, au tufunguliwe darasa la jioni hapahapa.

Kuna karatasi tunayotakiwa kuitia saini kabla ya Ijumaa, ya kuridhia picha zetu ziendelee kutumika. Wenzetu kumi na wanne wameshatia. Wana watoto shuleni, hatuwalaumu. Tunaomba muda wake usogezwe hadi mwanasheria atusomee, kwa kuwa imeandikwa kwa Kireno ambacho hata sisi tuliosoma tumekirudia mara tatu.

La mwisho ni dogo kuliko yote. Mara ya mwisho wenzetu walipopunguzwa, hakuna aliyewaita. Walifika alfajiri kama kawaida, kadi zao hazikufungua geti, na habari wakaipata kwa mlinzi, ambaye naye alikuwa akiona haya kuwatazama. Mheshimiwa, malori haya yanashushwa bandarini Jumatatu. Kama majina yetu yatakatwa, yakatwe kwa barua yenye saini, na tuisikie kutoka kinywani mwako au kwa unayemtuma, mchana, tukiwa tumeketi. Hatukulazimishi jibu tunalolitaka. Tunaomba jibu.

Mwenyezi Mungu akulinde katika safari yako, aitulize nchi yetu, na aipe kalamu yako subira ya alasiri moja.

Ni sisi,
Umoja wa Madereva wa Malori na Mabasi, Mocímboa da Praia

Imesomwa kwa niaba yao na Zubeida Mussagy, Katibu