Kifungu cha Vijiwe

"Uondoaji wa Vijiwe Pembezoni mwa Barabara za Mitaa kwa Lengo la Kuboresha Mwonekano na Upitikaji, Awamu ya Kwanza." Ndivyo lilivyosema tangazo la bajeti ya mwaka ya Baraza la Mji, lililobandikwa ukutani asubuhi hiyo, gundi ikiwa bado inachuruzika. Ukuta wenyewe unatazamana na benchi letu. Siku hiyo tulikuwepo wanne. Hansadi alipiga chapa mihtasari ya vikao vya Baraza mpaka akastaafu, na hata akitaka sukari husema "naomba kutoa hoja". Breki aliendesha lori la taka la Baraza, na jina alilipata kwa kuwa lori halikuwa nazo. Mkasi ni fundi cherehani. Ana methali nyingi kuliko vitambaa, na zote huzikata bila kupima. Wa nne ni mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza na kusogea wengine wapate pa kukaa. Kahawa ni ya Shangazi. Si shangazi wa yeyote kati yetu, ila benchi ni kazi ya mikono ya marehemu mumewe.

— Vijiwe ndio sisi hao, jamani, — alisema Mkasi. — Tumeingizwa kwenye bajeti.

— Hatimaye! — Breki akapiga goti. — Maisha yangu yote nalipa kodi, sijawahi kuingizwa.

— Umeingizwa ili utolewe, bwana we. Usishangilie.

— Naomba mwongozo, — alisema Hansadi, akiweka kikombe chini kana kwamba anamwachia mwenyekiti nafasi. — Kijiwe ni jiwe dogo. Wangetaka kutuondoa sisi wangeandika "mikusanyiko isiyo rasmi". Neno hilo nimelipiga chapa mpaka herufi ya K ikakatika kichwa.

— Kama ni mawe, basi ni yangu, — alisema Breki. — Mnakumbuka lori lile? Nikitaka kusimama, utingo anaruka na jiwe, anatia chini ya gurudumu. Tukiondoka, jiwe linabaki. Nusu ya mawe ya mji huu yamewahi kuwa breki zangu.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Mkasi.

— Kibaba cha mawe?

— Cha watu! Leo wanaondoa kijiwe hiki, kesho kile, mwisho mji mzima hauna pa kukaa mtu akakumbuka. Wale hawatuogopi tukisema, maana tumesema sana na hakuna lililotokea. Wanatuogopa tukikumbuka. Nani mwingine anajua kwamba ukuta ule ulikuwa na mlango?

Tukautazama ukuta. Ulikuwa na mlango kweli, wa kijani, na juu yake maneno "Chumba cha Kusomea, Karibuni Wote". Ndani mlikuwa na meza moja ndefu, magazeti yaliyofungwa kwenye fito yasiibwe, na saa iliyokuwa nyuma ya wakati kiasi kwamba ukichelewa kazini ulikuwa na shahidi. Kisha mwaka mmoja chumba kikakosa kifungu kwenye bajeti. Mlango ukazibwa kwa matofali. Mume wa Shangazi, aliyekuwa seremala wa Baraza, akaambiwa aivunje meza iwe kuni za jikoni kwa wakubwa. Hakuivunja. Alikata miguu, akapunguza ubao, akatuletea benchi. Ukipapasa mbao zake mpaka leo utakuta majina ya wanafunzi yaliyochongwa kwa ncha ya bikari, na duara la wino ambalo hakuna suruali iliyowahi kulifuta.

Mguu mmoja tu ulikuja mfupi. Seremala akautilia jiwe. "Ni kwa muda," alituambia, "kesho nakuja na mguu kamili." Kesho hiyo alikuwa na kazi, keshokutwa akawa na homa. Tangu tumzike tumelikalia jiwe la muda, na katika mambo yote ya Baraza sijaona la kudumu kuliko hilo.

— Bajeti siku hizo ilikuwa bajeti, — alisema Breki. — Si gundi ukutani. Naendesha mimi, kipaza sauti juu ya kichwa changu, taka nyuma, naisoma mtaa kwa mtaa.

— Ulikuwa unameza silabi, — alisema Hansadi.

— Kipaza sauti ndicho kilichomeza! Nilisema "Baraza litajenga chuo".

— Watu wakasikia "choo". Sijawahi kusikia shangwe kama ile. Diwani alipoona watu wanavyorukaruka, akaogopa kusahihisha. Nikaagizwa nirekebishe muhtasari.

— Na kikajengwa.

— Kikajengwa, tena kizuri. Kama kungekuwa na chuo, nani kati yetu angekubaliwa kuingia?

Tulicheka pamoja, kicheko cha watu waliokumbuka kitu kimoja. Zamani, hata walipokosea, walikosea kwa sababu walitusikia.

— Subirini, — alisema Breki ghafla. — Kifungu kiko chini ya Huduma za Jamii?

— Ndiyo, ukurasa wa huduma.

— Basi ni vijiwe vya figo! Mimi ninavyo viwili. Daktari amenionyesha kwenye picha.

— Wameandika "pembezoni mwa barabara", mzee.

— Kwani mimi nakaa wapi? Mlango wangu na barabara ni pua na mdomo!

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, — Mkasi alimwonya, akinyoosha kidole kwenye tumbo lake. — Ila mimi nawaambieni ukweli. Kuna jumba linajengwa huko, Kituo Jumuishi cha Vijiwe. Vijiwe vyote vinahamishiwa ghorofani. Unafika, unachukua namba, unasubiri zamu ya kubisha.

— Na kahawa?

— Unaileta mwenyewe, kwenye chupa iliyokaguliwa.

— Itabidi iundwe kamati ndogo ya umbea, — alisema Hansadi, na sauti yake ilikuwa na tamaa kidogo. — Sikilizeni sasa, mimi nimekaa ndani ya vikao. Kamati ya Fedha ilisoma "vijiwe" ikaona mawe. Mipango Miji ikaona sisi. Afya, sitashangaa, ikaona figo za Breki. Kila mmoja akaogopa kuuliza asionekane mjinga. Mwenyekiti akasema waafiki waseme ndiyo. Wakasema ndiyo. Ndivyo mji unavyoendeshwa, na ndiyo maana mihtasari ilikuwa inanichekesha usiku.

— Kwa hiyo benchi langu linaondolewa, au haliondolewi?

Aliyeuliza ni Shangazi. Alikuwa ameshika birika bila kummiminia mtu, na hapo tukatambua kwamba tangu tangazo lisomwe hakuwa ametia neno.

— Shangazi, kitaalamu... — Hansadi alianza.

— Usinipe utaalamu, shemeji. Nyinyi mkifukuzwa mtapata kona nyingine, midomo mnatembea nayo. Mimi mume wangu yuko hapa tu.

— Nyumbani je? — Mkasi aliuliza kwa upole.

— Nyumbani alikuwa analala. Kabati, kitanda, vyote alitengeneza kwa kuwa nilimsumbua. Hili ndilo alilotengeneza bila kutumwa na mtu.

Breki alisogeza kikombe chake kutoka kwenye duara la wino, kana kwamba amegundua sasa hivi kwamba amekikalisha juu ya mtu.

Hapo ndipo tulipomsikia mtu anasukuma toroli. Alikuwa kibarua mgeni, fulana ya kung'aa ya Baraza inampwaya, chepe limelazwa ndani ya toroli tupu. Akasimama mbele yetu, akavua kofia.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, — tukaitika.

— Nimetumwa kuondoa vijiwe mtaa huu. Samahani, kwani hapa kijiwe ni kipi?

Tukisema kijiwe ni jiwe, pembezoni mwa barabara yetu hapakuwa na jiwe hata moja. Mvua za mwaka ule zilikwisha kuyachukua yote, pamoja na breki za Breki. Tukisema kijiwe ni sisi, toroli lilikuwa pale pale, na ubao wa benchi ungeenea vizuri sana ndani yake.

— Msimamizi wangu naye hajui, — kibarua alijitetea. — Kaniambia nikifika nitaona. Ila nikirudi mtupu wataandika sikufanya kazi.

Tukamgeukia Mkasi, ambaye hajawahi kukosa neno. Akakuna kichwa, akatafuta, akatoa la kwanza lililomjia.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Shangazi aliweka birika chini.

— Simameni, — alisema.

Tukasimama. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya benchi kwenye mguu mfupi, na sisi tukainua ubao kidogo bila kuambiwa. Akatoka na jiwe. Lilikuwa bapa, upana wa kiganja, jeusi kwa kahawa tuliyoimwaga kwa vizazi viwili vya ubishi. Akalifuta kwa upande wa kanga, pande zote, kama mtu anayemwosha mtoto uso kabla ya safari.

— Kijiwe ndicho hiki, mwanangu. Chukua.

— Ni kimoja tu, mama?

— Ni hicho tu.

Kibarua alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka katikati ya toroli, akalipiga picha kwa ajili ya ripoti ya utekelezaji. Akashukuru, akaenda zake. Tulilisikia likigongagonga bati la toroli mpaka alipokata kona.

— Shangazi, — Breki aliuliza taratibu, — si alisema lile ni kwa muda?

— Ndiyo. Na muda wake umeisha. Kaeni, kahawa inapoa.

Katika mwaka ule wa fedha, mtaani kwetu liliondolewa jiwe moja. Benchi lipo. Limeinamia upande wa mguu mfupi, na kila anayelikalia huteleza kidogo kidogo mpaka akamgusa mwenzake.