Mikono Iliyo Kwenye Picha ya Duka

Jumapili hiyo baada ya ibada tulikuwa watu sita na mtoto mmoja chumbani kwa mama mkwe wangu, Eveline, kijijini kwetu, kati ya Njombe na Makambako. Yeye alikuwa kitandani. Alikuwepo mume wangu Gideoni, mwanawe wa kwanza, aliyetoka Makambako anakouza mbao. Alikuwepo wifi yangu Idda, aliyetoka Njombe mjini na chupa mbili za chai kwa sababu alijua sitapata nafasi ya kuchemsha. Alikuwepo mzee wa kanisa Agustino, awe shahidi. Shangazi Fidelia, dada wa marehemu baba mkwe, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Na mimi Anneth, mwanangu Ema mgongoni. Mama aliniambia niandike kila neno kama linavyotoka, nisilipambe. Nimeandika hivi.

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu leo haifiki mbali, na wewe Gideoni funga hilo dirisha, baridi ya mwezi wa saba haina huruma na mgonjwa. Mzee Agustino, asante kwa kuja kwa miguu. Sitaongea mengi, lakini nitakayosema yashikeni, kwa sababu sitapata nguvu ya kuyarudia.

Nyumba hii ni ya Gideoni na mkewe, kwa kuwa wao ndio wamekaa nami. Miparachichi iliyo juu ya barabara ni ya Idda, na asije mtu akasema mtoto wa kike ameshaolewa, kwa kuwa miche ile aliileta yeye na kuimwagilia kwa ndoo mwaka ule wa jua kali. Bonde la milulu, majani yetu ya kusukia makapu, msiligawe. Libaki la wanawake wote wanaosuka nasi, kila mmoja akate anachohitaji na aache mizizi.

Sasa duka. Najua kila mmoja wenu amekuja na lake moyoni kuhusu duka, ingawa halina mlango wala kufuli. Idda alipokuja na simu miaka sita iliyopita, akaniambia kuna mahali kwenye mtandao watu wa nchi za mbali wananunua vitu vilivyotengenezwa kwa mikono tu, nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamuuliza mtu ananunuaje kapu bila kulibonyeza. Akasema, Mama, watalibonyeza kwa macho. Basi tukajifunza kuwaonyesha. Msiache tuliyojifunza. Picha ipigwe asubuhi, nje, kapu likiwa juu ya kitambaa cheupe, wala si juu ya kitanda chenye maua. Kipimo kiwe cha futi kamba, msiandike kubwa kiasi, maana kiasi cha Mbena si kiasi cha mtu wa huko. Ujumbe wa mteja ujibiwe siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni kwamba mvua imezidi na milulu haikauki.

Na mtu akilalamika, msimkasirikie. Mnakumbuka yule wa kwanza aliyeandika kwamba kapu lake linanuka moshi? Mimi nilitaka ajibiwe kwamba huo ndio ukavu wenyewe, kwamba tunayatundika juu ya moto ili wadudu wasiingie, na asiyetaka moshi anunue ndoo. Mama Ema aliandika nilivyosema, kisha akanisomea polepole, mara mbili, bila kuniambia kwamba ni vibaya, mpaka nikasikia mwenyewe. Tukafuta. Tukamwambia ule ni moshi wa jikoni kwetu, atusamehe, aliweke juani siku tatu. Akatupa nyota tano, na baadaye akaandika kwamba harufu imekwisha na ameanza kuitamani.

Gideoni mwanangu, mwezi wa tano ulinishauri tununue makapu sokoni kwa jumla, tuyaweke dukani kwa jina letu, kwa sababu oda zimetuzidi. Wewe una akili ya mbao, na mbao ukishairanda haiulizwi nani aliipanda. Nilikukatalia kwa ukali mbele ya mkeo, ukaondoka bila kula. Leo nataka ujue kwamba katazo lilikuwa sawa lakini ukali haukuwa wa haki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafanya jambo la namna hiyo hiyo, tena kwa ndugu yangu aliyekaa pale mlangoni.

(Hapa alipumzika. Idda alimpa chai kwa kijiko. Shangazi hakuinua uso.)

Lile kapu lenye kifuniko, lililo kwenye picha ya kwanza ya duka, lililotuletea wateja wote hawa, sikulisuka mimi. Alilisuka Fidelia. Mnajua sisi tumezoeaje. Kapu likienda harusini au kwa aliyejifungua, linatoka kwa jina la mama mwenye nyumba. Wamesuka mabinti, wamesuka mawifi, lakini anayeinuka kulikabidhi ni mmoja, na hakuna anayeuliza zaidi. Idda aliponiuliza tuandike limesukwa na nani, nilisema andika Eveline, na sikuona kosa, nikidhani mtandao nao ni harusi, ila yenye wageni wengi.

Siku hiyo sikuwa na nia mbaya. Nia mbaya ilikuja baadaye. Mnamkumbuka yule mama wa mbali aliyeandika kwamba ndani ya kapu lile ameweka barua za mama yake aliyefariki, na kila akifungua kifuniko anawaza ni nani aliyekifunga vizuri namna hiyo. Akaomba aone mikono, mikono tu. Idda alinisomea, nikalia. Kisha nikamwambia Mama Ema, piga ya kwangu.

Mkwe wangu, uliniangalia, ukapiga, ukanyamaza. Usijilaumu, ulikuwa na mimba ya miezi minane na ulikuwa chini ya paa langu. Picha ikawekwa dukani. Watu wakaandika kwamba hiyo ni mikono ya fundi. Mikono hii! Haijawahi kufunga kifuniko kikakaa. Vyangu vyote vinalegea upande mmoja kama kofia ya mlevi, Fidelia anajua, alikuwa akinicheka tangu nilipoolewa.

Aliiona picha ile kwa Idda, siku ya kikundi chetu cha kusuka. Akaishika simu kwa muda, akasema, wifi, mikono yako imetoka vizuri. Basi. Tangu siku hiyo ni miaka miwili hajaleta kifuniko, na wateja wakiuliza tunawaandikia kwamba vimekwisha. Lakini kila mwezi wa sita nakuta mzigo wa milulu mlangoni pa jiko, mirefu, imechambuliwa minene na myembamba, imefungwa kwa fundo ambalo hapa kijijini analifunga mtu mmoja. Na tangu nilipougua, nguo zangu zinafuliwa, nami najifanya sijui nani anapita uani. Nimezivaa hizo nguo na sijasema asante.

Wifi, nimekukosea. Nililificha jina lako nikaivaa sifa yako. Nakuomba unisamehe mbele ya watoto na mbele ya mzee wa kanisa.

(Shangazi aliinua uso. Kisha akasema, "Ulidhani nimekasirikia picha? Siku ile nilikuwa pale tu, kwenye shamba la viazi, Eveline. Ungemtuma mtu aniite, ningekuja mbio."

Mama akasema, "Najua ungekuja. Ndiyo maana sikutuma."

Shangazi akasogeza kigoda mpaka kitandani. Hakusema kama amesamehe. Alimpandishia mama soksi iliyoshuka, akaacha mkono wake pale mguuni.)

Nisikilizeni, nimalize. Duka ataliendesha Mama Ema. Asiseme kwamba ameishia darasa la saba, kwa kuwa wateja wanamwandikia kama ndugu yao. Idda ataendelea kumtafsiria na kuishika akaunti, wala asibadilishe neno la siri bila kumwambia. Gideoni, wewe utapeleka vifurushi posta, na usivirushe kama mbao.

Picha ya mikono yangu itolewe. Huyo mama mwenye barua aandikiwe ukweli wote, hata akitunyang'anya nyota zake. Na kuanzia sasa kila kapu liende na jina la aliyelisuka. Oda zikizidi, wateja wasubiri. Fidelia asipotaka kusuka vifuniko, asisumbuliwe. Asiombwe kwa ajili yangu, wala kwa kuwa nimekufa. Akitaka, Mama Ema akae karibu yake ajifunze. Mimi nilikuwa na miaka arobaini ya kujifunza kwake, na nilikuwa naona aibu kuuliza.

Mnizike karibu na baba yenu. Wasiletwe watu wa kupiga video. Chakula kiwe viazi na maharage, inatosha.

Mungu akae nanyi, wanangu. Gideoni, rudi nyumbani mapema. Idda... wewe una mkono wa kutoa, Mungu asiuache mtupu. Fidelia, upo? Nausikia mkono wako. Mzee Agustino, omba wewe, mimi pumzi... Mama Ema, acha kuandika sasa. Mtoto analia. Mnyonyeshe.

Mama alifariki Jumatano mchana. Jumatatu iliyofuata shangazi Fidelia alianza kusuka kifuniko jikoni kwetu, na Alhamisi, kilipokwisha, nilimpiga picha ya mikono.