Baba Alivyomwambia Mtaliano Ana Njaa

Bwana ni mwema, ndugu zangu! Na mzee wa kanisa asitazame saa, nitafupisha.

Nilimfundisha baba yangu mzazi Kitaliano cha uongo. Ndiyo hiyo dhambi, nimeitoa mapema ili kwaya iache kunong'ona.

Baba ni mtunza bustani katika hoteli moja Malindi. Miaka yote ameinama, hadi mgongo umekataa. Hoteli ikafungua darasa la alasiri kwa wafanyakazi: atakayefaulu Kitaliano atahamia chumba cha kulia, ahudumie wageni akiwa wima. Baba, mwenye wajukuu, akajiandikisha pamoja na vijana. Jioni huniuliza mimi, kwa kuwa Kitaliano nimekiokota ufuoni.

"Mwanangu, karibu wanasemaje?"

"O fame," nikamwambia.

Ndugu zangu, o fame maana yake nina njaa. Nilikusudia kumrekebisha, lakini kila alipojizoeza uani, akiwakaribisha kuku kwa adabu, "O fame," nilicheka nikaahirisha.

Siku moja narudi kutoka shule, mama ananiambia mtihani wa baba ni leo. Nikakimbia hadi hotelini, askari wa langoni akanizuia. Nikapiga magoti palepale kwenye kokoto, na wanaonijua wanajua magoti yangu hupigwa kwa fimbo tu. Nikasema, Bwana, mgongo wa baba usizidi kuumia kwa ajili ya mdomo wangu.

Kumbe ndani, kama alivyosimulia mwenyewe, baba alimwinamia mwalimu, mama wa Kitaliano, akamwambia, "O fame, sinyora." Vijana wakavunjika mbavu. Yule mama akaagiza sahani ya tambi. Nanyi mnajua kwetu, chakula ukiletewa hukisukumi. Baba akanawa, akaketi. Mwalimu akaona amtahini hapohapo mezani. Uma? Forketa. Kisu? Koltelo. Maji? Akwa. Vyote alivijua, maana hivyo hakuniuliza mimi. Mwisho akaomba maji mengine, kwa Kitaliano.

Alitoka na mchuzi kwenye kola, amefaulu. Akanitazama: "Wewe, karibu yako imenishibisha."

Namshukuru Bwana aliyesikia pale langoni. Nawe uliyezeekea kazini, mtumaini yeye, kajiandikishe. Ila mwalimu mchague vizuri.

Jioni nilitubu kwa mama. Akasonya, akasema: "Jumatatu na mimi naingia ngumbaru, nisome. Na wewe ukinifundisha hata a, utahama nyumba hii."